Moyo Usiokaa Gwarideni

Kabla ya yote ijulikane kwamba Janepher nilimposa mimi. Ng'ombe walitoka kwa kaka yangu Sam, suti aliivaa Sam, na nyumba aliingia na Sam mpaka Mungu alipomwita yule marehemu. Lakini maneno matamu, yale yaliyomfanya msichana wa Kimasaba wa kule mlimani Mbale akubali kuolewa na Msoga anayenuka samaki, niliyasema mimi, Gaster wa Budondo, nikiwa nimesimama nyuma ya kaka yangu kama mkalimani. Kwa hiyo nikimwandika leo, naandika kitu ninachokijua. Na msiseme sikusoma. Nilisoma kidogo, lakini nilisoma vizuri.

Shemeji yangu huyu alikuwa askari wa magereza hapa Jinja. Mrefu, mkavu, mwenye macho yanayokuhesabu hata ukiwa peke yako. Kiswahili chake ni cha kambini. Hata akikukaribisha chai unasikia kama umehukumiwa kuinywa. Kila asubuhi aliwapanga wafungwa wanawake mistari, akawahesabu, kisha akatangaza mbele ya gwaride: "Wote wapo, afande." Hapo ndipo lango lilipofunguliwa. Hesabu isipolingana, lango halifunguliwi kwa yeyote, awe padri, awe muuza maziwa.

Siku moja alikuwa ameshatangaza kwamba wote wapo, na mkubwa fulani kutoka Kampala anasubiri nje ya lango ndani ya gari jeupe, ndipo roho ikamwambia amekosea. Mtu mwingine angenyamaza, akamtafuta aliyepotea kimyakimya. Yeye akatoka mstarini, akapiga saluti mbele ya wote.

"Afande, nimeripoti vibaya. Mmoja hayupo."

Mkubwa akaiva juani mpaka yule mwanamke alipopatikana, amelala usingizi mzuri nyuma ya magunia ya maharage. Jioni Sam akamuuliza kwa nini hakulimaliza jambo taratibu, jikoni, bila aibu. Janepher akamjibu, "Hesabu iliyotangazwa gwarideni husahihishwa gwarideni." Sam alinisimulia hayo akijivuna hata akasahau kula, nami nikamsaidia kula. Lishikeni neno hilo, tutalirudia.

Alipostaafu, na Sam ameshatangulia, akarudi kwao Mbale, akajenga vyumba vichache vya kupangisha kule Namakwekwe, kimoja akakaa mwenyewe. Alasiri hukalia kiti cha plastiki, uso kwa Wanale. Mlima ule saa hizo hupokea jua lote usoni, na maporomoko yake huning'inia juu ya mji kama nyuzi nyeupe ambazo fundi amezisahau kwenye nguo. Ukiyatazama sana hujui tena kama maji yanashuka au mlima ndio unaopanda.

Hapo ndipo moyo wake ulipoanza kutoroka. Unapiga vizuri, kisha unasimama kama mtu aliyesahau alichokuwa akisema, halafu unarudi mbio, mapigo yanasukumana mlangoni. Yeye mwenyewe huwa mwepesi, anasema, kama ameinuliwa kidogo kutoka kwenye kiti na kuachwa hapo hewani. Daktari wa moyo alimweleza kwamba mapigo yake hayana mpangilio, kwamba jambo hilo haliondoki, ila hufugwa kwa vidonge: kimoja cha kuupunguzia moyo mbio, kingine cha kuzuia damu isigande.

Nikimtembelea ananiambia, "Gaster, leo mmoja katoroka."

"Atarudi," namwambia. "Ataenda wapi? Huko nje hakuna ugali wa bure."

Sasa, shemeji ni mlokole. Baada ya kuanguka sokoni siku moja, watu wa ushirika wake walimwombea mpaka sauti zikakauka, na kweli wiki ile moyo ulitulia kama mbuzi aliyefungwa. Jumapili akasimama, akatoa ushuhuda: "Moyo wangu umepona." Walipiga makofi, walicheza, benchi moja ilivunjika. Mchungaji akaifanya habari hiyo kuwa wimbo wa kila Jumapili. Siku chache tu baadaye moyo ukaruka ukuta tena. Lakini nani angesimama kuivunja furaha kama ile? Akanyamaza.

Mambo yangebaki hivyo kama si binti yao Brendah, ambaye yuko Uholanzi na amezaa mtoto wa kike. Mtoto analia. Si kulia kwa njaa wala kwa tumbo. Daktari wa kizungu alimpindua huku na huku, hakuona kitu. Janepher alipousikia mlio huo kwenye simu alijua papo hapo. Kwa watu wa kwao mlimani, mtoto akilia namna hiyo anatafuta jina. Bibi humshika, humtajia majina ya waliotangulia, moja baada ya moja, na likitajwa lake hunyamaza. Baba wa mtoto ni Mholanzi mpole, anapika, anafagia, lakini ukoo wake hauoti ndoto. Kwao jina huchaguliwa kitabuni kama rangi ya ukuta. Hivyo mtoto alikuwa na jina la karatasi tu, na karatasi hailali usingizi.

Walijaribu kwa simu. Janepher akamtajia Nambozo, jina la mama yake mwenyewe, akaendelea na mashangazi wote. Mimi nikachomeka la mama yangu, maana ukoo wetu nao una watu. Mtoto akazidi kulia.

"Simu inakata jina katikati," Brendah akasema, naye sauti imechoka. "Mama, njoo. Tiketi tutanunua. Sijalala, mama. Njoo umshike."

Tangu hapo Janepher akaanza kuota, alasiri, kwenye kiti chake, baada ya kidonge cha mchana. Ndoto ilikuwa moja. Kukhu Nambozo, yaani Bibi Nambozo, yule mama yake, amesimama nje ya lango la gereza kama siku ya kutembelea wafungwa, kitambaa kichwani, mkononi ameshika kifurushi cha jani la mgomba. Ndani ya jani mna jina. Janepher yuko upande wa ndani, funguo kiunoni. Anataka kufungua, na sauti nyuma yake inasema hesabu haijalingana. Anageuka, anahesabu. Gwaride limejaa ukungu. Akifika mwisho wa mstari, mwanzo umeshapungua. Kukhu anasubiri, hakasiriki. Maporomoko ya Wanale yanashuka nyuma yake bila sauti.

Aliponisimulia nilimfasiria mara moja, maana kipaji ninacho. "Lango ni uwanja wa ndege," nikasema. "Funguo ni viza. Kwisha."

Kumbe viza yenyewe ilikuwa na lango lake. Ubalozi hautoi bila bima ya safari, ya kulipia hospitali ukiugua ugenini. Tukaenda mjini Mbale, kwa wakala wa bima. Na nani amekaa mezani? Natasha, binti wa ushirika ule ule, yule anayeimba sauti ya kwanza.

"Mama Afande! Karibu, karibu sana." Vidole vyake vikacheza kwenye kompyuta. Jina, umri, nchi. "Ugonjwa wowote wa muda mrefu?" Kabla Janepher hajafungua mdomo, binti akacheka mwenyewe. "Nauliza nini mimi? Si wewe ndiye uliyepona sisi sote tukiona? Hapana." Akabonyeza hapana.

Bei iliyotokea ilikuwa tamu, bei ya jogoo wa mchuzi. Nikamnong'oneza shemeji: "Lipa tuondoke."

Janepher aliitazama ile kompyuta kwa muda mrefu. "Mwanangu," akasema, "nimesahau miwani. Nitarudi."

Nje nikamwambia, "Shemeji, miwani iko kichwani."

"Najua iliko."

"Sasa?"

"Sasa moyo ukitoroka nikiwa kule? Hospitali ya kizungu wataita bima, bima watauliza madaktari wangu, wataona nilisema hapana, watafunga mkoba wao. Bili atabaki nayo Brendah. Atauza mpaka kitanda cha mtoto."

"Basi rudi umwambie Natasha ukweli."

"Nikimwambia Natasha nimeliambia kanisa."

Hapo ndipo akili yangu, ambayo haijawahi kupumzika, ilipofanya kazi. "Njoo Jinja," nikasema. "Jinja nina watu."

Nina watu kweli. Kuna Kishore, mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Mabati ya nusu ya mji ule yalipita begani kwangu nikiwa kijana dukani kwake. Ghorofani juu ya duka, mkewe Rekha anauza bima. Kishore aliponiona akapiga kelele, "Gaster! Bado hujafa wewe?" Nikamjibu nasubiri anilipe kwanza. Tukapanda ngazi.

Dirisha la Rekha linatazama upande wa mto. Huoni maji yenyewe, unaona tu mahali ambapo hewa ni nyeupe zaidi. Janepher aliketi akitazama huko, mgongo wima, kama anayesubiri kuitwa jina.

"Mama, ugonjwa wowote wa muda mrefu?" Rekha akauliza.

Nilisikia mabati yakishushwa chini.

"Moyo," Janepher akasema. "Haukai gwarideni."

Nilimwona akipumua baada ya kulisema, kama mtu aliyetua ndoo. Rekha hakushtuka, hakupiga makofi wala hakusikitika. Aliandika tu, akapiga simu huku na huku. Kampuni ya kwanza ikakataa. Ya pili ikataja bei. Bei gani! Fahali wawili, tena wale wa kuchinjia wageni wa tohara. Janepher akasimama, akachukua mkoba.

"Kaa, mama," Rekha akasema. "Hiyo ni bei ya moyo wasioujua. Ngoja tuwajulishe."

Akaanza kuuliza, polepole, kama anayeosha mchele. Umelazwa hospitali lini mara ya mwisho? Si karibuni. Dawa zimebadilishwa? Hazijabadilishwa. Umewahi kuziacha?

Janepher akanitazama mimi, akatazama ile hewa nyeupe dirishani. "Hata siku moja."

"We!" nikaruka. "Na ule ushuhuda? Nilidhani ulivitupa vidonge!"

"Vimo ndani ya kopo la majani ya chai."

"Chai ninayokunywa mimi?"

"Kopo jingine, Gaster. Tulia."

Rekha alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akawa wa kazi tena. "Hilo kopo ndilo linalokuokoa, mama. Wenye bima hawaogopi ugonjwa sana. Wanaogopa ugonjwa usiotulia." Akaeleza: daktari wake wa Mbale aandike kwamba hali imetulia na dawa ni zile zile, aweke na kipimo kipya cha umeme wa moyo. Safari iwe fupi. Bima iwe ya Ulaya tu, si ya dunia nzima, maana hakuna mjukuu Amerika. Akiugua, sehemu ndogo ya kwanza ajilipie mwenyewe, kubwa walipe wao. Lakini isikubaliwe bima inayouacha moyo nje, hata ikiwa ya bure. Hiyo ni mwavuli wenye tundu juu ya kichwa.

"Na mizigo ikipotea? Tuweke?"

"Mzigo wangu ni malewa ya kumpikia Brendah," Janepher akasema. Malewa ni yale machipukizi ya mwanzi yaliyokaushwa kwa moshi, chakula cha kwao. "Yakiibwa, mwizi atashiba tu. Ondoa."

Kipimo kilifanywa, daktari akaandika, karatasi zikafika kwa Rekha. Janepher alikuwa kwangu Budondo simu ilipolia. Kampuni ya tatu imekubali, moyo ukiwa ndani. Bei: mbuzi mmoja mnene, na kuku juu yake.

Nilicheza. Nilicheza uwanjani peke yangu, kuku wangu wakanitazama kwa wasiwasi. "Umeona Gaster? Umeona mtu mwenye watu? Na Mbale hakuna atakayejua!"

Alasiri ile alilala kwenye mkeka, mlangoni kwangu, upepo wa mto ukipita juu yake. Nilikuwa nikimenya mihogo nikaona uso wake ukibadilika. Alipoamka alikaa, akashika kifua.

"Kaja tena," akasema. "Kukhu. Kifurushi mkononi. Na lango bado."

"Haiwezekani. Bima ipo!"

"Hesabu haijalingana, Gaster." Akautazama mto, mto nao ukapita zake. "Nimesahihishia jikoni."

Nikarudi kwenye mihogo bila kufasiri. Hutokea kwangu mara chache sana.

Jumapili tulikuwa Mbale. Niliketi nyuma, karibu na mlango, maana mimi na walokole tunaheshimiana kwa umbali. Mchungaji akauliza nani ana ushuhuda. Janepher akatoka mstarini. Naapa alitoka mstarini. Miguu ile ile ya gerezani, kisigino juu ya sementi. Akafika mbele, akapiga saluti. Watoto wakacheka, wakubwa wakadhani ni furaha, wakaanza makofi.

"Acheni makofi," akasema. "Nimeripoti vibaya. Nilisema hapa kwamba nimepona. Siku ile nilijisikia vizuri, nikaita kupona. Moyo wangu bado unatoroka, na kila siku nameza dawa. Sikuacha. Nilizificha. Basi."

Natasha aliinamisha kichwa, kitambaa kikamfunika uso. Mchungaji alifungua mdomo, akaufunga, akafungua Biblia, akaifunga nayo. Mtu mmoja akasema kwa sauti ndogo, "Imani yake ilikuwa haba." Nilitaka kumjibu kutoka kule nyuma, nilikuwa na jibu zuri sana, lakini kikongwe mmoja alinitangulia. Ni Racheal, mama yake Natasha, anayetembea kwa fimbo. Alisimama kwa shida.

"Afande," akauliza, "mimi vidonge vya presha niliviacha siku ile uliposema umepona. Nilitaka imani kama yako. Sasa nifanyeje?"

Nilimwona Janepher akitikisika. Si moyo, ni yeye mwenyewe. Alimwendea, akamshika mkono na ile fimbo pamoja.

"Kesho asubuhi mimi na wewe kliniki," akasema. "Hilo si ombi, mama. Ni amri."

Mchungaji akakohoa. Mtu mzuri yule, nimpe haki yake. Akasema, "Amri imepokelewa. Tuimbe." Natasha akaanzisha wimbo, sauti ya kwanza, ikikwaruza kwa machozi, na mama yake akaimba amesimama.

Mchana ule shemeji hakula. Alikaa kwenye kiti chake cha plastiki, Wanale ikawaka usoni mwake, macho yakafumba. Nilikaa chini karibu naye nikifukuza nzi. Haya yanayofuata aliniambia mwenyewe.

Alihesabu gwaride, ukungu ukasimama kando kama mgeni mwenye adabu, hesabu ikalingana. Funguo zikageuka zenyewe. Kukhu Nambozo akaingia akiinama kidogo, kama anayeingia jikoni kwa mtu, akampa kifurushi. Jani lilikuwa la moto. Ndani yake jina lilikuwa limelala, dogo, likipumua. Halikuwa Nambozo. Lilikuwa Khainza.

Akaamka akilia na kucheka. Khainza alikuwa mdogo wake Kukhu, msichana aliyekuwa akipanda njia za mlimani akisimama kila mara, mkono kifuani, na wenzake wakimwita mvivu. Alikufa kabla hajaolewa. Ugonjwa wake haukutajwa, na yeye mwenyewe baadaye hakutajwa. Alitoka katika hesabu ya ukoo kama kwamba hakuwahi kulala ndani yake.

"Utampa mtoto jina la mgonjwa?" nikauliza.

"Nitampa jina la mtu aliyesahauliwa. Anataka kuitwa tu, Gaster."

Akasafiri. Nilimpeleka Entebbe mwenyewe, nikambebea malewa, nikamwelekeza namna ya kufunga mkanda wa ndege ingawa sijawahi kupanda. Baadaye alinieleza kwamba juu ya mawingu moyo ulitoroka tena, na yeye akauacha utembee. Alikuwa ameshauripoti kila mahali panapostahili. Hakuwa na la kuficha hata mbele ya mawingu.

Simu ilinikuta Budondo, nimekaa ukingoni, ukungu unainuka kwenye maji. Brendah alikuwa ameiweka karibu ili nami nisikie, maana anaujua umuhimu wangu. Mtoto alikuwa analia, mlio ule ule, wa mtu aliyepotea njia. Nikasikia shemeji akimpokea, koti lake likikwaruza. Akasema jina mara moja, polepole, kwa sauti ambayo sikuijua, isiyokuwa ya kambini hata kidogo.

"Khainza."

Kimya. Nilidhani mtandao umekata.

"Halo?" nikasema. "Halo! Janepher! Halo!"

"Nyamaza, Gaster," shemeji akanong'ona. "Wote wapo."

Nikanyamaza. Mimi, Gaster, nilinyamaza. Wanaonijua wataelewa ukubwa wa jambo.